Nyoka wa Kwenye Sarafu Hasomwi Peke Yake

Kwenye bendera ya Shirika la Afya Duniani, juu ya ramani ya dunia, imesimama fimbo moja, na kwenye fimbo hiyo amejiviringisha nyoka mmoja. Nyoka huyo utamkuta pia ubavuni mwa magari ya wagonjwa na juu ya milango ya maduka ya dawa. Ukilitafakari jambo hili, linashangaza. Huku kwetu kuna koboko, kuna kifutu, kuna swila atemaye mate. Mtu hukimbizwa hospitali kwa sababu ya nyoka, na akifika getini anapokewa na nyoka. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na hawakusema bure. Nani basi aliyemteua mnyama huyu awe nembo ya uzima? Sehemu kubwa ya jibu imo katika vipande vidogo vya fedha na shaba, vingine havizidi ukucha wa kidole gumba, ambavyo Wagiriki na Warumi wa kale walivitumia kununulia mkate na kulipia askari.

Watu hao waliwachora nyoka kwenye sarafu zao kwa karne zisizopungua tisa, tangu karne ya 5 kabla ya Kristo hadi karne ya 5 baada yake. Wako wakusanyaji leo, Ulaya, Marekani na kwingineko, wanaotafuta sarafu hizo na hawataki nyingine. Hawajali ni ya mfalme yupi wala ya mji upi, mradi nyoka yumo. Baadhi ya wajuzi wa sarafu huwaona kama watoto wanaokusanya stempu za vipepeo. Kwa maoni ya wajuzi hao, ukusanyaji wenye adabu hufuata utawala na mji: ukikusanya sarafu zote za mtawala Hadrian, au zote za mji wa Efeso, ndipo unapojifunza historia. Mimi leo nasimama upande wa watu wa nyoka. Hoja yangu ni kwamba nyoka wa kwenye sarafu hana maana aliyozaliwa nayo. Maana yake huipata kwa aliye jirani naye na kwa analotendewa: analishwa, anabebwa, anasalimiwa, anakanyagwa, anachomwa mkuki. Sarafu moja haiwezi kukuonyesha hilo. Zinahitajika nyingi, za miji na tawala mbalimbali, zilizopangwa mezani pamoja, na hiyo ndiyo kazi ambayo mkusanyaji wa nyoka anaifanya hata kama mwenyewe hajui kwamba anaifanya.

Chukua mwaka mmoja tu, 49 kabla ya Kristo. Januari ya mwaka huo Julius Caesar, yule Juliasi Kaizari wa tafsiri ya Mwalimu Nyerere, alivuka mto Rubicon na jeshi lake, na Warumi wakaanza kuuana wao kwa wao. Jeshi hutaka mshahara. Caesar akafua dinari za fedha kwa wingi mno, kila moja ikiwa na uzito usiofika gramu 4. Upande mmoja kuna vyombo vya ibada vya kuhani mkuu, cheo alichokuwa nacho Caesar mwenyewe. Upande wa pili ndovu anatembea kwa kishindo, na mbele ya mguu wake kuna kitu kirefu kilichoinua kichwa, naye yu tayari kukiponda. Wengi husema ni nyoka, au joka lenye pembe. Wengine husema si nyoka hata kidogo, ni tarumbeta ya vita ya Wagalli, ambayo mdomo wake ulitengenezwa kwa umbo la kichwa cha mnyama. Mjadala huo haujaisha. Nikitaja dinari, msikilizaji, usidhani natumia neno la wageni. Dinari yetu ni denarius yao, iliyopita kwa Wagiriki na Waarabu mpaka ikatufikia. Dirhamu ni drakma ya Wagiriki, na fulusi ya wazee wetu ina asili katika follis, sarafu ya shaba ya Warumi wa mwisho. Majina ya fedha hizo yalitufikia, picha zilizokuwa juu yake zikabaki huko.

Tuchukulie kwamba ni nyoka. Basi mwaka huohuo wa vita, ndani ya mji wa Roma, ofisa mmoja wa kufua sarafu aitwaye Manius Acilius naye alitoa dinari yake. Upande wa mbele kuna kichwa cha Salus, mungu wa kike wa usalama na uzima. Upande wa nyuma amesimama mwanamke ambaye maandishi yanamtaja kuwa Valetudo, yaani Afya, ameegemea nguzo kwa raha zake, na mkononi ameshika nyoka. Kwa nini Acilius achague afya? Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni fahari ya ukoo. Mwandishi Pliny anasimulia kwamba daktari wa kwanza wa Kigiriki kufika Roma, Archagathus, alifika mwaka 219 kabla ya Kristo. Serikali ikamnunulia duka la tiba katika njia panda ya akina Acilius. Mwanzoni watu walimpenda wakamwita mganga wa majeraha. Baadaye, kwa jinsi alivyokata na kuchoma miili yao, wakampachika jina la mchinjaji. Lakini jina la njia panda lilibaki, na miaka 170 baadaye ukoo bado ulijivunia kwamba utabibu uliingilia mlangoni kwao. Tazama basi: mwaka ni mmoja, fedha ni zilezile, watumiaji ni walewale, na huyu nyoka anapondwa huku yule anabebwa kama mtoto. Anayekusanya sarafu za Caesar peke yake atakuwa na mmoja tu kati ya hao wawili, na ataondoka akiamini kwamba kwa Warumi nyoka alikuwa adui.

Nyoka wanaobebwa na kulishwa ni wengi, na hapa inafaa tukae kidogo. Kati ya mwaka 64 na 59 kabla ya Kristo, Lucius Roscius Fabatus alifua dinari ambazo kingo zake zimekatwa meno kama msumeno. Mbele kuna mungu wa kike Juno Sospita, amevaa ngozi ya mbuzi kichwani, mapembe yamesimama. Nyuma kuna msichana, na mbele yake nyoka mkubwa ameinuka kufikia kimo cha kifua chake. Ukiiona bila maelezo utadhani msichana ameshambuliwa. Kumbe analisha. Roscius anaaminika kuwa mwenyeji wa Lanuvium, mji ulio kilomita zipatazo 30 kusini-mashariki mwa Roma, na huko kulikuwa na pango la nyoka mtakatifu wa Juno. Mshairi Propertius na mwandishi Aelian wametuachia habari zake. Kila mwaka wasichana waliteremka pangoni na chakula. Nyoka akikubali kula, ilithibitika kwamba msichana ni bikira, na wakulima walishangilia kwa kuwa mwaka utakuwa wa neema. Akikataa, ole wake msichana. Tunaweza kubishana kuhusu haki ya mtihani huo, na mimi nina maneno makali juu yake. Lakini kwa mjadala wetu jambo la maana ni hili: mavuno ya mji mzima yalitegemea hamu ya chakula ya nyoka. Mnyama huyo alikuwa mwenye nyumba, na watu ndio waliokuwa wakimwomba radhi.

Kutoka pango la Lanuvium hadi ikulu ya Roma si mbali. Katika karne ya 2 na ya 3 baada ya Kristo, Salus anaonekana kwenye sarafu za watawala, mmoja baada ya mwingine, ameketi au amesimama, amenyoosha sahani ndogo, na nyoka aliyeinuka kutoka madhabahuni, au aliyelazwa mikononi mwake, anakula ndani ya sahani hiyo. Maandishi husema Salus wa Augustus, yaani uzima wa mtawala. Mtawala alipougua, au aliponusurika na njama, picha hiyo ilikuwa tangazo kwamba mambo yamedhibitiwa. Hizi ndizo sarafu za nyoka anazoanza nazo mkusanyaji mwenye mfuko mwepesi, hasa zile za karne ya 3 ambazo fedha yake ilikuwa imekwisha kuchanganywa sana na shaba. Zilifuliwa kwa wingi, zimebaki nyingi, na bei yake si ya kutisha. Wengine hudharau wingi wao. Mimi naona wingi ndio ushahidi: picha ya nadra inaweza kuwa matakwa ya fundi mmoja, lakini picha iliyorudiwa na watawala waliochukiana, wengine wakiwa wameuana, ilikuwa lugha ambayo kila mtu sokoni aliielewa bila kufundishwa.

Lugha hiyo ilitoka Ugiriki, katika hekalu la Asklepio, mungu wa tiba, huko Epidauros. Msafiri Pausanias aliandika kwamba nyoka wa huko, wenye rangi ya manjano, walikuwa wapole kwa watu. Mwaka 293 kabla ya Kristo tauni iliikumba Roma, na baada ya kutazama vitabu vyao vya uaguzi Warumi wakatuma jahazi Epidauros. Kwa masimulizi yao, nyoka wa hekalu aliteremka mwenyewe, akapanda chomboni, akasafiri hadi mto Tiber, na hapo akajitosa majini akaogelea mpaka kisiwa kilicho katikati ya mto. Hekalu likajengwa kisiwani mwaka 291. Karne nne na zaidi baadaye, mtawala Antoninus Pius alifua medali kubwa ya shaba yenye tukio lote hilo: daraja, chombo, nyoka akirukia mbele, na mto Tiber katika sura ya mzee anayenyoosha mkono kumpokea mgeni. Kisiwa hicho bado kina hospitali hadi leo. Nayo miji ya Asia Ndogo, yaani Uturuki ya sasa, haikuachwa nyuma. Mwaka 214 baada ya Kristo mtawala Caracalla, mtu mkali aliyemuua ndugu yake mwenyewe, alikwenda Pergamon kutafuta tiba katika hekalu la Asklepio. Mji ukatoa medali kubwa za shaba zinazomwonyesha amevaa mavazi ya kijeshi, ameinua mkono wa kulia kutoa salamu. Anayesalimiwa ni nyoka aliyejizungusha mtini. Ikumbuke salamu hiyo, tutairudia.

Pergamon hiyohiyo, karne kadhaa kabla ya Caracalla, ndiyo iliyotoa sarafu maarufu kuliko zote za nyoka. Wagiriki waliiita kistoforo, yaani mbeba kikapu. Ni ya fedha, uzito wake karibu gramu 12 na nusu. Mbele, ndani ya shada la majani, kuna kikapu cha ibada za siri za mungu Dioniso, kifuniko kimeinuka nusu, na nyoka anatambaa kutoka. Nyuma nyoka wawili wamesokotana kuzunguka podo la upinde. Wafalme wa Pergamon waliipa thamani ya drakma 4 ndani ya nchi yao, ingawa fedha iliyokuwamo ilikuwa ya drakma 3 tu kwa kipimo cha Athene. Kwa ujanja huo sarafu ikabaki ndani, maana nje hakuna mfanyabiashara aliyekubali kupunjwa. Mwaka 133 kabla ya Kristo mfalme wa mwisho aliwaachia Warumi nchi yake kwa wosia, na Warumi, watu wasiopenda kuharibu mashine inayofanya kazi, wakaendelea kuifua. Mwanasiasa wa Roma Cicero, baada ya kutawala jimbo la Kilikia, alikuwa na akiba huko Asia ya sesterce milioni 2 na laki 2, na yote ilikuwa katika kistoforo. Jemadari wa Roma Mark Antony naye mwaka 39 kabla ya Kristo aliweka sura ya mkewe Octavia juu ya kikapu, nyoka wawili wakimlinda kulia na kushoto. Mume anayetaka kumtukana mke hamweki kati ya nyoka. Antony alikuwa akimtukuza.

Sasa pingamizi. La kwanza ni la haki kabisa. Mtu atasema: unachagua sarafu zinazokupendeza, mbona husemi habari za Herakle, shujaa wa Wagiriki? Ni kweli. Thebes ilifua sarafu za fedha zinazomwonyesha Herakle angali mtoto mchanga, amepiga magoti, ananyonga nyoka wawili waliotumwa kumuua kitandani. Miji kadhaa iliyofanya umoja, miongoni mwao Rodo, Efeso na Samo, ilitumia picha hiyohiyo pamoja na herufi tatu zenye maana ya washirika. Phaistos ya Krete ilimwonyesha Herakle mtu mzima akipigana na joka la vichwa vingi. Sarafu za Elis, wenyeji wa michezo ya Olimpia, zina tai aliyekamata nyoka kwa makucha. Sikatai hata moja, na ningekuwa nadai kwamba nyoka alikuwa mwema sikuzote, sarafu hizi zingeniangusha. Lakini dai langu ni jingine. Tazama anayepambana na nyoka katika picha hizo ni nani: ni shujaa mwenye jina, au ndege wa mungu Zeu. Nyoka ni kipimo cha nguvu zake. Hakuna kasisi anayechoma nyoka kwa kuwa nyoka ni uovu. Mji uliofua picha ya mtoto akinyonga nyoka asubuhi, jioni uliweza kupeleka keki kwa nyoka wa hekalu, na hakuna aliyeona mgongano.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Sarafu ni sauti ya serikali. Aliyefua ni mtawala, na mtawala husema anachotaka. Hata katika Kilwa yetu, ambayo sarafu zake za shaba hazikuwa na picha ya kiumbe, bali maneno ya Kiarabu yenye vina, upande mmoja jina la sultani na upande wa pili sifa za Mola anayemtegemea, sultani alikuwa akijitangaza. Kwa nini basi tuamini kwamba nyoka wa Salus alikuwa moyoni mwa watu, si kwenye midomo ya wakubwa tu? Jibu langu lina jina: Glykon. Katikati ya karne ya 2 baada ya Kristo, katika mji mdogo wa Abonoteichos, pwani ya kusini ya Bahari Nyeusi, mtu aitwaye Aleksanda alitangaza kwamba mungu amezaliwa upya kama nyoka. Habari zake tunazo kwa Lukiano, mwandishi mwenye ulimi wa wembe aliyemchukia kwa dhati. Lukiano anasema Aleksanda alinunua nyoka mkubwa mpole huko Pella, Makedonia, akaficha kinyoka ndani ya yai la bata bukini lililotolewa kiini, akalizika kwenye matope ya msingi wa hekalu, kisha akalifukua mbele ya umati. Siku chache baadaye nyoka alikuwa amekuwa mkubwa ajabu, na kichwa chake kilifanana na cha binadamu. Kwa mujibu wa Lukiano kichwa hicho kilikuwa cha kitani kilichopakwa rangi, mdomo ukifunguliwa na kufungwa kwa nywele za farasi. Swali moja kwa mungu lililipiwa drakma moja na oboli mbili. Seneta mmoja mkubwa wa Roma, Rutilianus, alinasa kiasi cha kumwoa binti wa Aleksanda.

Tungekuwa na Lukiano peke yake, mtu angeweza kudai kwamba amebuni hadithi nzima ili kuwachekesha rafiki zake. Sarafu zinamzuia. Abonoteichos ilifua shaba katika enzi ya Antoninus Pius yenye nyoka wa mikunjo mingi, kichwa chake kina nywele ndefu kama za mtu, na jina la Glykon limeandikwa wazi. Lukiano anasema Aleksanda aliomba mji ubadilishiwe jina uitwe Ionopolis, na kweli jina hilo likatokea kwenye sarafu. Leo mji huo, ulioko Uturuki, unaitwa İnebolu, na sikio litausikia mwangwi. Anasema pia Aleksanda aliomba sarafu yenye nyoka upande mmoja na sura yake mwenyewe upande wa pili. Hapo sarafu zinamsahihisha, au zinamkatalia Aleksanda, maana katika zile zilizobaki upande wa pili yupo mtawala wa Roma. Na si sarafu tu. Mwaka 1962 huko Constanța, Romania, ng'ambo ya bahari ile, ilichimbuliwa sanamu ya marumaru ya Glykon aliyejikunja, masikio na nywele za mtu. Huko Alba Iulia, nchini humohumo, yamepatikana maandishi ya watu binafsi waliotimiza nadhiri kwake. Sarafu za nyoka huyo ziliendelea kufuliwa hadi katikati ya karne ya 3, takriban miaka 80 baada ya Aleksanda kufa. Tapeli akifa utapeli wake kwa kawaida hufa naye. Glykon hakufa, kwa kuwa watu walishakuwa tayari kumpokea nyoka mponyaji kabla Aleksanda hajanunua wa kwake. Yeye alikuta mlango u wazi, akaingia. Serikali inaweza kufua picha. Haiwezi kumlazimisha mtu wa Alba Iulia alipe fundi kwa mfuko wake achonge jiwe.

Turudi sasa kwenye ile salamu ya Caracalla. Mwaka 214 mtawala wa Roma anamwinulia nyoka mkono. Mwaka 327, miaka 113 tu baadaye, karakana ya Konstantinopoli, mji uliokuwa ukijengwa, ilitoa sarafu ndogo ya shaba ya mtawala Konstantino. Nyuma kuna bendera yake ya vita, juu imevikwa herufi mbili za kwanza za jina la Kristo, na ncha ya chini ya mlingoti imemchoma nyoka anayejipinda. Maandishi yanasema tumaini la umma. Sarafu hiyo ni nadra, na kila mkusanyaji wa nyoka huiota usiku. Eusebio, askofu aliyeandika maisha ya Konstantino, anaeleza mchoro uliokuwa juu ya lango la ikulu: msalaba juu ya kichwa cha mtawala, na chini joka limechomwa likitumbukia kilindini. Wengi humwona nyoka huyo kuwa ni Licinius, mpinzani aliyeshindwa mwaka 324, na huenda ndivyo. Ila angalia lugha iliyotumika. Zamani mpinzani aliyeshindwa alionyeshwa kama mateka aliyefungwa mikono. Sasa ni nyoka, na nyoka ni Shetani.

Kuna sarafu nyingine ambayo kwangu ina uzito kuliko hiyo ya nadra, nayo ni ya kawaida tu. Kati ya 324 na 326 Fausta, mke wa Konstantino, alifuliwa sarafu zenye maandishi ya Salus wa dola. Lile neno la kale lipo. Mwanamke yupo, amesimama. Lakini sahani hakuna, madhabahu hakuna, na pale alipozoea kulala nyoka mikononi wamelala watoto wawili. Uzima wa dola umehama kutoka kwa nyoka kwenda kwa ukoo wa mtawala. Asiyekuwa na Salus wa zamani mkononi hawezi kuliona pengo hilo. Ataona mama na wanawe, basi. Na baada ya karne moja, sarafu za dhahabu za Valentinian wa Tatu zinamwonyesha mtawala amekanyaga nyoka mwenye kichwa cha binadamu. Kama ni kwa kukusudia au kwa bahati, sura ile ambayo Abonoteichos iliipigia magoti sasa iko chini ya kiatu.

Atainuka mtu aseme Ukristo ndio uliomlaani nyoka, mjadala umekwisha. Si rahisi hivyo. Biblia yenyewe ina nyoka wa Edeni, na ina pia nyoka wa shaba aliyeinuliwa na Musa jangwani ili walioumwa wamtazame wapone, na Injili ya Yohana inamfananisha nyoka huyo na Kristo mwenyewe. Konstantino alikuwa na nyoka wawili wa kuchagua. Alichagua wa kuchomwa kwa kuwa alihitaji adui. Ndiyo maana nasisitiza kwamba tusome tendo kabla ya mnyama.

Limebaki pingamizi la tatu, na hilo sina namna ya kulishinda lote. Sarafu nyingi za kale zilizo sokoni zimechimbwa na watu wenye vifaa vya kutambua metali, usiku, bila kibali. Sarafu ikishang'olewa udongoni bila kuandikwa ilikuwa tabaka gani na pamoja na vitu gani, imekufa nusu. Mfano tunao jirani. Mwanzoni mwa karne ya 20 mzungu mmoja alidai kupata Bur Gao, bandari ya kusini mwa Somalia, sarafu za akina Ptolemaio wa Misri, za Warumi, na za Misri ya karne nyingi baadaye, zote mahali pamoja. Tunajua kutokana na kitabu cha mabaharia wa Kigiriki cha karne ya 1 kwamba merikebu za Misri zilifika pwani hii mpaka bandari ya kale ya Rhapta, kwa hiyo jambo lenyewe linawezekana. Lakini kwa kuwa hazikuchimbwa kitaalamu, wanahistoria wengi wamezitilia shaka, na ushahidi ambao ungekuwa lulu kwa historia ya Azania, yaani pwani hii ya kale, unabaki uvumi. Nikiambiwa kwamba mkusanyaji anayelipa fedha ndiye anayemtuma mchimbaji, nainamisha kichwa. Ninachokataa ni kwamba dawa yake ni kuacha kukusanya kwa picha. Yote niliyosema leo yanaweza kufanywa kwa picha za sarafu zilizoko kwenye makumbusho, bila kumiliki hata moja, na makumbusho makubwa ya Ulaya na Marekani yameweka picha hizo kwenye intaneti bure. Meza ya kuzipanga inaweza kuwa kioo cha simu.

Kwa yule ambaye hawezi kuridhika mpaka aishike mkononi, aanze na Salus wa karne ya 3. Aipime, maana za bandia zilizomiminwa kwenye kalibu mara nyingi hukosea uzito, na ukingo wake huwa na mstari wa kuungia, tofauti na ya kweli iliyopigwa kwa nyundo. Atazame nani anamlisha nyoka na kwa mkono gani, kabla hajasoma jina la mtawala. Na kabla ya kutoa hata shilingi, amuulize muuzaji maswali matatu: ilitoka nchi gani, ilitoka lini, na nani wamewahi kuimiliki tangu mkataba wa UNESCO wa mwaka 1970 wa kuzuia biashara haramu ya urithi wa kale. Muuzaji akiwa na karatasi, azisome. Akiwa na hadithi tu, amrudishie sarafu yake.